Kwanja limepita, wiki ya tatu pori limerudi: kutafuta chanzo na kukitibu

Jumamosi kibarua amefyeka kiwanja chote mpaka ukutani. Kimekuwa cheupe, majani yamerundikwa pembeni na kuchomwa moto, kila mtu amefurahi. Mvua mbili baadaye kijani kimetanda tena, na mwezi haujaisha mtoto akipita uani anarudi na sketi imejaa vishonanguo. Anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au popote penye joto na mvua za masika na vuli anaijua hali hii.

Tatizo haliko kwenye kwanja. Bustani iliyoachwa mpaka ikawa pori inadai kazi mbili zisizofanana, na siku ya usafi mkubwa hufanyika moja tu. Kazi ya kwanza ni kuzuia: kukata juu juu eneo lote ili pasiwe na gugu linalofikia kutoa mbegu. Ya pili ni kumaliza: kuchukua kipande kidogo, kung'oa mpaka mizizi, kukifunika siku hiyo hiyo, kisha kukirudia kwa tarehe iliyopangwa. Kuzuia hufanywa kila baada ya wiki 2 wakati wa mvua, na kila wiki 4 au 5 wakati wa kiangazi. Kumaliza ni dakika 20 hadi 30 kwa siku, siku nne au tano za wiki.

Piga hesabu mapema ili usikate tamaa. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba ya kawaida hubakiwa na kama mita za mraba 250 za udongo. Ukigawa kwa vipande vya mita 3 kwa 3 unapata vipande 28, na kwa mwendo wa kipande kimoja kwa wiki hiyo ni miezi 6 na nusu. Ni muda mrefu, lakini kipande kilichokwisha hakirudi nyuma kama unakipitia, na vile vinavyosubiri zamu vinakaa vifupi kwa sababu ya kazi ya kuzuia.

Kabla ya kukata chochote

Siku ya kwanza acha panga ndani. Vaa gambuti na suruali ndefu, shika fimbo ya mita 1.5, zunguka asubuhi jua likiwa limepanda. Piga majani kwa fimbo mbele ya mguu kila hatua. Nyoka akihisi mtikisiko na akaona njia, mara nyingi huondoka mwenyewe. Fimbo hiyo hiyo itakugundulia mfuniko wa chemba ulioliwa na kutu, tofali, chupa iliyovunjika, waya uliojiviringa. Inua macho pia: nyigu hupenda kujenga chini ya matawi ya bogonvilia na kwenye pembe za ukuta. Ukikuta mche wa maana, mlimau au mpapai uliojiotea, ufunge kitambaa chekundu. Miche mingi mizuri hufa kwa kwanja siku ya usafi kwa sababu tu hakuna aliyeiona.

Kukata kuanzie nyumbani kuelekea uzioni. Anza na ukanda wa mita 2 kuzunguka ukuta wa nyumba, halafu njia ya kwenda bombani na kwenye kamba ya nguo, kisha ndipo usogee nje. Anayeanzia uzioni akija ndani anawasukuma panya, tandu na nyoka mpaka mlangoni kwake. Majani marefu yakate mara mbili: kwanza usawa wa goti ili uone chini kuna nini, kisha usawa wa kifundo cha mguu.

Dalili: umefyeka safi, wiki ya tatu kijani kimerudi kote

Inama ung'oe mimea mitano kutoka sehemu tofauti. Mmea unaotoka mzima na mzizi mmoja mwembamba kama uzi umetokana na mbegu. Unaokatikia shingoni na kuacha kitu kigumu ardhini ni wa zamani: ulikatwa tu, haukuondolewa. Jaribio hili la dakika moja litakuonyesha chanzo ni kipi.

Kama wengi ni wa mbegu, chanzo ni udongo ulioachwa wazi. Mbegu za magugu mengi madogo hungoja mwanga. Kufyeka na kufagia mpaka udongo uonekane ni kuziamsha zote kwa pamoja. Moto nao hausaidii, kwa kuwa huteketeza majani makavu ambayo yangefunika udongo, ukaacha jivu lenye madini yanayopokewa na mche wa kwanza kuota.

Kama wengi ni wa zamani, chanzo ni nyasi zinazokua kutoka chini. Sehemu inayokuza jani la nyasi iko karibu na udongo, chini ya makali ya kwanja, kwa hiyo kulikata ni sawa na kulinyoa.

Dawa ya hali zote mbili ni kipande cha mita 3 kwa 3, kilichozungushiwa kamba na vijiti vinne. Siku ya kwanza fyeka mpaka chini. Siku ya pili na ya tatu ng'oa mashina kwa jembe uma, udongo ukiwa na unyevu. Siku ya nne sawazisha na ufunike kwa matandazo: nyasi kavu zisizo na mbegu, majani ya mwembe, makumbi ya nazi yaliyochanwa au maganda ya mpunga. Unene uwe sentimita 8 hadi 10. Kwa kipande kimoja hicho utahitaji karibu toroli 10 zilizorundikwa za majani makavu, na hapa ndipo wengi wanapokwama: wamefungua eneo kubwa kuliko matandazo waliyonayo. Kusanya matandazo kwanza. Ukiwa na toroli 5 tu, fungua nusu ya kipande.

Maboksi nayo yanafaa sana. Toa utepe na pini, yapange tabaka mbili yakilaliana sentimita 15, yaloweshe, kisha weka majani juu. Mchwa watayala baada ya miezi michache. Wale tu, kwa muda huo yatakuwa yameshafanya kazi yake.

Dalili: majani membamba yenye kung'aa yanachomoza siku ya tatu baada ya palizi

Hiyo ni ndago, na inastahili nafasi kubwa kuliko magugu mengine yote kwa sababu bidii ya kawaida huizidisha. Ihakikishe kwa vidole: zungusha shina lake na utahisi pembe tatu, wakati shina la nyasi ni la mviringo au bapa. Kisha chimba moja taratibu kwa kijiti. Chini ya shina utakuta kifundo, kutoka hapo mzizi mwembamba mgumu kama waya, na mbele yake kiazi cheusi chenye ukubwa wa punje ya karanga. Kutoka kwenye kiazi hicho waya mwingine, na kiazi kingine. Ukikikata ndani ni cheupe na kina harufu kali.

Viazi vilivyoungana kwenye mnyororo hulala. Kile cha mbele ndicho huchipua na kuwazuia wenzake. Ukipiga jembe umekata mnyororo, na kila kiazi sasa kinajiona cha mbele. Ndiyo maana kitanda kilicholimwa vizuri mara moja hutoa ndago nyingi kuliko kilichoachwa. Vingi vya viazi hivyo viko kwenye sentimita 15 za juu, vingine huenda chini zaidi, hivyo usitegemee kuvitoa vyote kwa siku moja.

Unachoweza ni kuvichosha. Jani jipya huota kwa akiba iliyo kwenye kiazi. Likiachwa wiki kadhaa linarudisha akiba hiyo na kuanza kutengeneza viazi vipya. Kwa hiyo mipaka yako ni wiki 2, usizidishe 3: kila baada ya siku 14 pita kwenye kipande na uondoe kila jani lililoonekana, kwa mkono au kwa jembe dogo. Mizunguko mitatu ya mwanzo haitaonyesha tofauti yoyote, na wengi huacha hapo hapo. Kipande kilichopitiwa bila kukosa msimu mzima huonyesha majani membamba zaidi na machache zaidi kila mara. Ukiruka mwezi mmoja katikati ya masika, umerudi mwanzo.

Ndago haipendi kivuli. Baada ya mizunguko minne au mitano panda matembele kwa kusongamanisha, vipande vya urefu wa sentimita 30, nafasi ya sentimita 30, au maboga. Vikifunga ardhi, ndago inayochomoza chini yake inakuwa ndefu, dhaifu na bila viazi vya kutisha. Karatasi ya nailoni isikudanganye: ncha ya ndago ni kali na huitoboa. Viazi ulivyochimba usivitupe kwenye mboji. Vitandaze juu ya bati au sakafu kwenye jua kali wiki 2 mpaka vikauke kabisa na kuwa vyepesi. Vikinyeshewa, hesabu inaanza upya.

Wanaotumia glaifoseti, dawa ya kuua magugu, mara nyingi hulalamika kwamba haikufanya kazi. Sababu za kawaida ni nne. Ilipuliziwa kwenye majani yenye vumbi au yaliyonyauka kwa kiu, ambayo hayanywi. Ilichanganywa na maji ya tope, na dawa hii hushikamana na chembe za udongo ikapoteza nguvu. Mvua ilinyesha kabla ya muda wa saa sita kupita tangu kupulizia. Au palilimwa baada ya siku mbili, kabla dawa haijasafiri kwenda kwenye viazi. Subiri angalau siku 10. Kipimo ni kile cha kwenye lebo, si kifuniko cha soda. Nayo haichagui: ikigusa jani la mchicha au gome la kijani la mche wa mwembe, utaupoteza. Katika bustani ya nyumbani yenye mboga na watoto, kupitia kila siku 14 kunatosha. Chumvi na mafuta ya dizeli vinavyopendekezwa mitaani havina nafasi kabisa. Ndago itarudi kabla udongo haujapona.

Dalili: kamba za ukoka zinaingia kwenye vitanda vya mboga

Ukoka hutambaa juu na chini ya udongo, na kila kifundo cha kamba yake kinaweza kuwa mmea. Jembe la kawaida linaukata vipande ishirini na kuvipanda upya. Tumia jembe uma siku moja baada ya mvua: chomeka, legeza, halafu shika kamba karibu na udongo na uivute polepole kwa pembe, kama unavyochomoa uzi kwenye pindo la kanga. Ikikatika, fuata ncha iliyobaki ndani.

Kitanda kikisafishwa, kizungushie mtaro wa kina cha sentimita 15 na upana wa beleshi. Kila wiki zunguka mtaro huo, dakika 5 tu. Kamba inayovuka hewani inaonekana wazi, ikate kwa mkasi kabla haijagusa upande wa pili. Mtaro ukijaa majani na usipousafisha, ukoka huutumia kama daraja.

Dalili: baada ya mvua ya kwanza, vichipukizi vimejaa kama zulia

Kishonanguo, mchicha pori na wenzao. Habari njema: ni magugu ya mwaka, hayana viazi wala kamba, na hufa kirahisi yakiwa na majani mawili. Habari mbaya: mmea mmoja wa kishonanguo uliokomaa unaweza kutoa mbegu 3,000 na zaidi, na udongo wako umeshahifadhi za miaka iliyopita.

Ziote ili uziue. Andaa kitanda kama unataka kupanda, mwagilia, kisha usipande kitu. Baada ya siku 10 hadi 14, asubuhi ya jua, pitisha jembe bapa kwa kukwaruza sentimita 2 za juu. Rudia mara moja zaidi, halafu panda mboga zako bila kuchimba tena kwa kina, maana kuchimba huleta juu mbegu mpya zilizokuwa gizani.

Kama kazi imekuzidi na magugu yameanza maua, ahirisha mengine yote, pita na kukata vichwa. Gugu refu lisilo na ua linaweza kungoja hadi Jumapili. Lenye ua la manjano linalokaribia kuwa kahawia haliwezi.

Dalili: umekata mti, kisiki kinachipua kila mwezi

Mlusina ni bingwa, mwarobaini haupo mbali, mpera nao una ukaidi wake. Kisiki kina akiba chini ya ardhi, na kila mara unapoacha machipukizi yakafungua majani mpaka yakakomaa, akiba inajazwa tena. Dodoma wakulima wanaitumia nguvu hiyo hiyo kwa makusudi, kwa njia inayoitwa kisiki hai: wanachagua machipukizi machache ya kisiki, wanayatunza, na mti unarudi bila kupandwa. Wewe unataka kinyume chake, kwa hiyo fanya kinyume chake.

Pita kila siku 7 hadi 10 na uvunje machipukizi kwa kidole gumba yakiwa laini, mafupi kuliko kidole chako. Yavunje kuelekea chini ili yatoke na kitako. Ukikata kwa mkasi unaacha macho mawili yatakayotoa mawili. Kisiki chembamba kama kifundo cha mkono kitoe kabisa kwa sululu udongo ukiwa laini: chimba duara la sentimita 40 kutoka kwenye kisiki, kata mizizi ya pembeni, kisha kitikise. Kufukia kisiki kwa udongo ni kukipa blanketi.

Ukiona miche ya mwarobaini inatoka mbali na shina, angalia kama jembe limejeruhi mzizi hapo. Mizizi iliyokatwa huchipua. Kwa mlusina, wahi maganda kabla hayajawa ya kahawia na kupasuka, kwa sababu mbegu zake zina ganda gumu na hukaa udongoni miaka mingi. Majani yake mbuzi huyapenda, lakini yasizidi theluthi ya chakula chao, na punda wasipewe: yana sumu inayowanyonyoa manyoya.

Dalili: ua wa miti ni kijani nje, ndani ni vijiti vitupu

Ua uliokuwa ukipunguzwa juu na pembeni tu hujifungia mwanga. Ukikata kwa kina unafika kwenye miti mitupu na watu wa nje wanaona sebuleni. Bogonvilia na michongoma vinavumilia kukatwa sana, ila si kwa mkupuo. Mwanzoni mwa mvua chagua theluthi moja ya mashina ya zamani kabisa, yakate yabaki sentimita 30 kutoka chini. Mvua zinazofuata, theluthi nyingine. Upande wa chini uwe mpana kidogo kuliko wa juu, la sivyo chini kutabaki bila majani.

Saipresi na misonobari ya uzio, ile inayopandwa sana sehemu za baridi kama Arusha na Nairobi, ni habari nyingine. Ukiikata mpaka kwenye mti usio na majani ya kijani haichipui tena. Punguza kidogo kila baada ya miezi 2 au 3, na palipokwisha kuwa wazi panda kitu kingine mbele.

Kama bogonvilia ina majani tele bila maua, punguza maji na samadi kabla ya kulaumu mkasi. Huchanua kwenye matawi mapya yaliyopata jua na kiu kidogo.

Uzio wa mnyaa ukatwe kwa miwani na glavu, upepo ukiwa mgongoni. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kukupotezea kuona kwa muda. Osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Usifute uso kwa glavu hizo hizo. Ajali nyingi hutokea hapo.

Dalili: mwembe ulipunguzwa, sasa umejaa fito zilizosimama wima

Ulikatwa kupita kiasi kwa mara moja. Mti uliopoteza nusu ya matawi hujibu kwa fito nyingi zinazokwenda juu moja kwa moja, zisizozaa. Usizikate zote. Acha moja kati ya tano, ile inayoelekea nje penye nafasi, nyingine zing'oe kwa mkono zikiwa bado laini. Kuanzia sasa usiondoe zaidi ya robo ya matawi kwa mwaka.

Wakati nao una uzito. Mwembe huchanua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, hivyo ukatwe mara tu mavuno yanapokwisha. Ukisubiri mpaka Juni, unazikata ncha ambazo zingechanua. Tawi nene likate kwa hatua tatu: kwanza kutoka chini, sentimita 30 mbele ya shina, kina cha theluthi, pili kutoka juu, mbele kidogo ya mkato huo, tawi lianguke, mwisho kata kigutu karibu na shina bila kugusa uvimbe wa kwenye ungio. Anayekata moja kwa moja kutoka juu hupasua gome mpaka chini.

Kwa michungwa na milimau ya kubebesha, tafuta kovu la kubebeshea, kwa kawaida sentimita 15 hadi 30 kutoka ardhini. Kila chipukizi lililo chini ya kovu hilo liondoke. Mara nyingi lina miiba mirefu na linakua haraka kuliko mti wenyewe, na baada ya miaka miwili utajiuliza kwa nini mchungwa wako unazaa malimau.

Dalili: rundo la taka za bustani halivunjiki, au linanuka

Chomeka kijiti kirefu katikati ya rundo, kiache dakika 10, kichomoe na ukishike. Kikiwa cha moto na unyevu, rundo linafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, rundo lina kiu: lifungue na ulimwagilie tabaka kwa tabaka, si juu tu. Kikitoka kimelowa na kinanuka kama yai bovu, hewa imekosekana. Ligeuze na uongeze majani makavu au matawi membamba yaliyokatwa.

Ukubwa mdogo unaopata joto ni mita 1 kila upande. Changanya sehemu 3 za vitu vikavu kwa 1 ya majani mabichi au samadi, na ligeuze kila baada ya wiki 2 au 3. Kamba za ukoka, viazi vya ndago na vichwa vyenye mbegu visiingie humo mpaka viwe vimekauka kabisa juani. Marundo mengi ya nyumbani hayapati joto la kutosha kuviua.

Rundo na matandazo vikae sentimita 30 mbali na ukuta wa nyumba na angalau kiganja kimoja mbali na mashina ya miti. Unyevu uliobanwa shinani huozesha gome, na mchwa hawahitaji mwaliko wa pili.

Dalili: mbu hawapungui hata baada ya kufyeka

Majani marefu huwapa mbu kivuli cha kupumzika, lakini hawazaliwi humo. Wanazaliwa kwenye maji. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya homa ya dengi 2014 na 2019, na mbu wake, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana na hutaga kwenye vyombo vidogo: vifuu vya nazi, makopo, tairi, sahani za chini ya vyungu. Kutoka yai hadi mbu huweza kuwa kama siku 8 hadi 10 penye joto. Chagua siku moja ya wiki, mwaga vyote, na usugue kuta za ndani kwa brashi, kwa kuwa mayai yamegandishwa hapo na huvumilia ukavu kwa miezi.

Dalili: mgongo unauma na dakika 20 hazitoshi kitu

Angalia makali. Shika jani moja la nyasi kwa mkono mmoja, lipitishe kwanja taratibu. Lisipokatika kwa uzito wa chombo chenyewe, unapiga badala ya kukata. Bana kwanja vizuri, pitisha tupa upande mmoja, kwa kusukuma mbele tu, mara 10 hadi 15, kisha uinue tupa kila unaporudi. Jembe nalo linahitaji tupa, jambo ambalo watu wengi hawalifanyi maishani mwao. Mpini uwe mrefu kiasi cha kufikia kidevu kwa kwanja la kusimama. Mfupi ndio unaokukunja.

Dalili: umesafiri mwezi mmoja na umerudi ukakuta pori

Usianze na palipo parefu kuliko pote. Siku ya kwanza kata vichwa vyenye maua na mbegu kiwanja kizima, uviingize kwenye gunia. Siku ya pili vyombo vya maji. Siku ya tatu vipande vyenye ndago, kwa sababu tarehe yao imepita. Nyasi zilizorefuka tu zingoje. Na ukijua safari mapema, wiki moja kabla ongeza sentimita 5 za matandazo kwenye vipande vilivyokwisha na umwombe jirani apite mara moja katikati ya mwezi. Mpe kazi moja tu, iliyoandikwa kwenye karatasi: mtaro wa ukoka.